Nguru wa Mlangoni: Mazungumzo na Wavuvi wa Mombasa

Shikamooni wazee wetu. Manahodha, mabaharia, kina mama wenye boti zenu, na nyinyi vijana mliosimama kule kwenye kivuli cha mwembe, assalamu aleikum. Tumepewa kazi ya kuzungumza juu ya nguru: namna ya kumtafuta na kumvua kwa boti ndogo hapa hapa mlangoni mwa bandari yetu, baina ya Nyali, Ras Serani na Likoni, bila kulazimika kuchoma petroli kwenda mbali. Habari za bei hatutazigusa. Bei mnazijua kutushinda.

Neno letu kubwa ni moja. Boti nyingi zinazorudi tupu hazikukosa chambo wala mashine. Zilifika mahali pazuri kwa saa mbaya. Chewa ana pango lake, na ukilijua pango utamkuta leo na utamkuta kesho. Nguru hana pango. Yeye anafuata chakula, na chakula hapa kwetu kinasukumwa na maji. Kwa hiyo anayemtaka nguru aanze kusoma maji, kisha ndio aje kwenye ndoana.

Tumtazame samaki mwenyewe kidogo, maana umbo lake ndilo linaloeleza vifaa vyake. Nguru ana mistari myembamba iliyosimama ubavuni, na kadiri anavyokua ndivyo mistari inavyozidi. Ukifuata ule mstari wa katikati ya ubavu utaona unashuka ghafla chini ya pezi la pili la mgongoni, hapo humkosei. Kanadi, ndugu yake, ana mistari iliyolala na madoa, na mara nyingi ni mdogo kuliko yeye. Meno ya nguru ni bapa, yamepangwa kama wembe. Hamezi samaki mzima kama afanyavyo kolekole. Anakuja kwa kasi kutoka nyuma au kutoka chini, anakata mkia, halafu anageuka kuokota kipande kilichobaki. Kumbukeni hilo la mkia, tutalirudia tukifika kwenye kufunga chambo. Tena anawinda kwa macho. Maji ya tope yanamfukuza, na waya mnene unaong'aa unamtia shaka.

Sasa tuje kwenye maji yetu. Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na hori mbili, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu. Kusini-magharibi iko Kilindini, inayoingia mpaka Port Reitz, ambako mito ya Mwache na Cha Shimba inamwaga maji yake. Kaskazini-mashariki iko hori ya Tudor, inayopita Bandari ya Kale na chini ya daraja la Nyali, na huko juu inapokea Kombeni na Tsalu. Hori zote mbili zina mikoko, na mikoko ndiyo malezi ya mkizi, simu, kamba na vibua wachanga. Maji ya hori zote mbili yanatokea nje kupitia uwazi mmoja wa mwamba, ndio huo mlango wetu: upande wa Nyali kuna mwamba wa Leven, upande wa Likoni kuna mwamba wa Andromache. Maji yakikupwa, yaani yakitoka kwenda nje, chakula chote kile kinabanwa kipite hapo. Nguru wa nje anajua hivyo.

Maji ya hori ni ya kijani, yana vumbi la mikoko na tope kidogo. Maji ya nje ni ya buluu na safi. Yanapokutana hayachanganyiki mara moja. Hufanya mstari, na mstari huo unaonekana kwa macho: povu, majani ya mikoko, vijiti, wakati mwingine mwani na, kwa bahati mbaya, chupa na mifuko yetu wenyewe. Vidagaa hukaa upande wa kijani kwa sababu wanajificha humo. Nguru hukaa upande wa buluu kwa sababu anaona. Ukikokota chambo ndani kabisa ya kijani unampelekea aliyefumba macho. Ukikokota maili nzima ndani ya buluu unapita jangwani. Kazi iko kwenye mpaka, upande wa nje yake, na mpaka huo unatembea saa kwa saa.

Kuhusu saa. Hapa Mombasa, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Baada ya wiki, siku za maji mafu, yaani maji madogo, mambo yamegeuka: asubuhi saa 4 maji yamejaa. Bamvua linapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Maji mafu ni kama mita 1 tu. Tena maji hayatoki kwa kasi moja. Katika saa 6 za kukupwa, nusu ya maji yote hupita katika saa ya tatu na ya nne. Hapo ndipo mkondo wa Likoni unapovuta kwelikweli.

Vijana wengi wanapenda saa hiyo ya mkondo mkali, kwa kuona maji yanachemka. Sisi hatuipendi sana siku za bamvua kuu. Mkondo unabeba uchafu mwingi, kila dakika tano ndoana ina jani au kipande cha mfuko, na chambo chenye jani nguru hakiangalii. Mstari wenyewe unasukumwa mbali nje na kuvunjika vipande vipande. Tunapendelea saa moja ya mwanzo wa kukupwa, na kuliko yote, saa moja na nusu ya mwisho mpaka maji yasimame. Wakati huo mstari umetulia karibu na mlango, na vidagaa waliokwisha kutolewa nje wamechoka kupigana na maji. Tukiambiwa tuchague siku, tungechagua siku ya pili au ya tatu baada ya bamvua: maji yanaanza kukupwa pamoja na mwanga wa alfajiri, na nguru hula vizuri jua linapotoka na linapokaribia kuzama. Vitu viwili vinakutana kwa saa moja.

Maji yakijaa je? Yakijaa, buluu inaingia ndani. Hapo msihangaike na mlango. Nendeni kwenye uso wa nje wa mwamba, pale kina kinapoanguka kutoka mita 10 kwenda 20 na 30, mkafuate ukingo. Siku chache katika mwaka, maji mafu ya kaskazi yakiwa safi kabisa, nguru huingia mpaka Kilindini kwenyewe na kuzungukia maboya. Lakini huko kuna meli, na habari za meli tutazisema kwa ukali baadaye.

Misimu mnaijua. Kaskazi, Desemba hadi Machi, bahari ni tulivu na maji safi. Matlai, Oktoba na Novemba, ni wakati mzuri sana kwa boti ndogo, ingawa mvua za vuli zikipiga bara, subirini siku kadhaa maji ya hori yasafike. Masika ya Aprili na Mei yanajaza tope, na mpaka wa kijani na buluu unakwenda mbali sana nje, mbali kuliko inavyostahili kwa mashine moja. Kusi likivuma kwa nguvu, Juni hadi Agosti, nguru wapo, lakini bahari yenyewe inakukataza.

Dalili nyingine ni ndege. Membe wakiruka juu, wanazunguka na kutazama chini bila kushuka, samaki yuko chini bado. Punguzeni mwendo na teremsheni chambo kimoja. Wakianza kujipiga majini, samaki wamewapandisha vidagaa juu. Kosa linalofanyika hapo ni kukata katikati ya kundi na mashine. Kundi linazama, na membe wanakuacha na aibu yako. Pita kando, kwa umbali wa mita 30 au 40, uvute mishipi ikate pembeni mwa kundi wakati boti iko mbali. Na si kila kundi ni nguru. Sehewa hupiga kelele zaidi. Sehewa wanaruka-ruka kwa fujo mahali pamoja. Nguru huruka mmoja mmoja, juu sana na mwili umenyooka, kisha kimya.

Mwenye mashine ya kupima kina na kuonyesha samaki, asitafute nguru kwenye kioo. Atafute vidagaa. Wao huonekana kama wingu, mara nyingi juu kidogo ya ukingo wa mwamba. Vijistari vilivyolala kwa mshazari pembeni mwa wingu, hivyo ndivyo vya kukufurahisha. Wingu lililotandaa na kulegea halina anayelisumbua. Wingu lililobanwa likawa kama tufe, kuna mtu analila. Asiye na mashine hiyo atumie alama za nchi kama walivyofanya wazee: mnara na mnazi katika mstari mmoja, na jengo na ncha ya mwamba katika mstari mwingine. Mistari miwili ikikatana, hapo ndipo. Ukipata nguru mmoja, weka alama mara hiyo hiyo kabla hujaanza kushangilia. Nguru hutembea kwa makundi ya kimo kimoja, na ukirudi mahali pale pale ndani ya dakika kumi kuna uwezekano mzuri wa kupata wa pili. Wakubwa sana tu ndio hutembea peke yao.

Tufike kwenye vifaa. Hapa tutakaa sana, kwa sababu nguru wengi waliokwisha kushika hupotelea katika ile nusu mita ya mwisho.

Kwa mshipi wa mkono wa kurambaza, yaani wa kukokota chambo nyuma ya boti, nailoni ya milimita 0.9 hadi 1 inatosha kabisa. Mita 100 ni chache. Wekeni 150 hadi 200, kwa maana mbio za kwanza za nguru mkubwa hufika mita 80 au 100 bila kupumua. Mwisho wa nailoni fungeni suiveli nyeusi, kile kiungo kinachozunguka. Ile ya fedha inayong'aa nguru huipiga yenyewe, na akiipiga amekata nailoni juu ya waya wako, umepoteza kila kitu. Mkifunga fundo, lilowesheni kwa mate kabla ya kulikaza. Nailoni kavu ikikazwa hujichoma kwa msuguano, na fundo lililoungua halionyeshi alama mpaka siku ya samaki mkubwa.

Kisha waya. Waya mwembamba wa uzi mmoja, wa chuma kisichoshika kutu, wa rangi ya kahawia, urefu wa sentimita 40 hadi 60. Ule wa kusukwa ni laini na unafungika kwa urahisi, lakini meno yanaukata uzi mmoja mmoja na baada ya samaki wawili umeota manyoya. Tunapendelea wa uzi mmoja. Kuufunga: upitishe kwenye tundu la ndoana, uzungushe pande zote mbili za waya pamoja kwa pembe pana mara nne au tano, kama kamba inavyosukwa, kisha mkia wa waya uuzungushe kwa kubana, duara kando ya duara, mara sita hadi nane. Duara hizo za kubana peke yake huteleza. Zile pana peke yake hufunguka. Zote mbili zinahitajika. Mkia usiukate kwa koleo. Ukunje ukae kama mkono wa kubiringishia, uzungushe mpaka ukatike wenyewe. Ukiukata kwa koleo unaacha ncha ya kumchana baharia mkono. Waya uliopata pindo, hata dogo, utupeni. Msiunyooshe. Waya ulionyooshwa baada ya kupata pindo hukatika hapo hapo, na mtasema samaki alikuwa mkubwa mno.

Ndoana ya namba 6/0 hadi 8/0 kwa chuchunge, yule samaki mwembamba wa mdomo mrefu, na ndogo zaidi kwa kibua hai. Inoeni hata ikiwa mpya. Jaribuni kwenye ukucha: ikiteleza bado, ikikwama iko tayari.

Chambo cha kufa kilicho bora hapa kwetu ni chuchunge. Wapatikane usiku au alfajiri, wakandamizwe matumbo uchafu utoke, walale kwenye chumvi ndani ya barafu mpaka asubuhi. Chumvi inakaza nyama. Chuchunge asiye na chumvi hupasuka baada ya nusu saa ya kukokotwa. Kabla ya kumfunga, mkunje mgongo taratibu kulia na kushoto mpaka usikie uti unalegea. Akibaki mgumu atakwenda kama kijiti. Vunja ule mdomo mrefu. Ingiza ndoana chini ya shavu, itoke tumboni, waya utokee chini ya kidevu, kisha funga kidevu na mdomo kwa uzi wa shaba ili mdomo usifunguke. Mdomo ukifunguka unameza maji, chambo kinazunguka. Chambo kinachozunguka kina makosa mawili: nguru hakili, na mshipi wako wote unajisokota. Kila chambo kishusheni kando ya boti kwanza, kitazameni kikiogelea kwa nusu dakika, ndipo mkiachie kiende nyuma.

Sasa lile la mkia. Nguru anakata nyuma ya ndoana na kukuachia kichwa. Mkivuta na kukuta kichwa kilichokatwa safi kama kwa kisu, huyo ni nguru na amekushinda kwa sentimita 5. Dawa yake ni ndoana ya pili. Chukueni kipande kifupi cha waya, fungeni kwenye tundu la ndoana ya mbele, na mwisho wake ndoana ndogo ya mikono mitatu, ikae karibu na mkia. Mkono mmoja tu uchome ngozi kidogo, miwili ibaki huru. Waya wa baina ya ndoana mbili lazima ulegee kidogo. Ukikazwa, samaki anajipinda kama upinde na anaanza kuzunguka, na tumerudi kule kule.

Kibua hai ni bora kuliko vyote na ni kazi kuliko vyote. Mtawapata alfajiri karibu na maboya au penye taa, kwa mshipi mwembamba wenye ndoana ndogo tano au sita zilizofungwa manyoya meupe. Msiwashike kwa mkono mkavu. Ute ukitoka samaki hafiki saa moja. Pipa la lita 60 linachukua sita au wanane wa kimo cha kiganja, si zaidi, na maji yabadilishwe kwa ndoo kila dakika chache. Wakianza kupanda juu na kufungua midomo, maji yamekwisha hewa. Ndoana ya mbele ipite puani, ile ya mikono mitatu ishike kidogo nyuma ya pezi la mgongo. Mwendo wa boti uwe kama wa mtu anayetembea, noti (maili za bahari kwa saa) 1 hadi 2. Mashine ikiwa haiwezi kwenda polepole hivyo, burura ndoo mbili nyuma ya boti, au zima kabisa uache mkondo ukuchukue kufuata mstari.

Mwendo wa chuchunge aliyefungwa ni noti 3 hadi 5. Mwendo wa chambo cha plastiki au mbao chenye ulimi, vile ambavyo sote tunaviita Rapala hata kama havikutengenezwa na wenye jina hilo, ni noti 5 hadi 7. Msichanganye chambo hai na Rapala kwa wakati mmoja. Mmoja utakuwa unaenda mwendo wa mwenzake, na kimoja kati ya hivyo viwili kitakuwa kazi bure.

Mishipi mitatu inatosha kwa boti ya mita 7. Wa kwanza mita 15 nyuma, huu uwe na chubwi, uzito wa kuzamishia, la gramu 500 hivi, uende chini. Wa pili mita 25, bila chubwi au na dogo. Wa tatu mita 40, juu. Wa karibu uwe wa chini na wa mbali uwe wa juu; mkigeuza boti hawatashikana. Geukeni kwa duara pana. Na msikokote mstari mmoja ulionyooka: kateni mpaka wa maji kwa zigizaga, kwa kuwa kila mgeuko mshipi wa ndani unapungua kasi na kuzama, wa nje unaongeza kasi na kupanda. Nguru wengi hushika kwenye mgeuko. Mkiona hivyo mara mbili, mmejua wanataka nini.

Kwenye mshipi wa mkono fungeni mpira wa tyubu ya baiskeli, urefu wa mkono, baina ya mshipi na boti. Unapunguza mshtuko wa pigo la kwanza, maana mdomo wa nguru ni laini na unachanika. Kwa wenye fimbo na rili, breki isizidi theluthi moja ya nguvu ya mshipi. Wengine hukaza mpaka mwisho kwa hofu ya kumpoteza, na hiyo hofu ndiyo inayompoteza.

Akishika, msizime mashine. Endeleeni taratibu mpaka mshipi ukazike vizuri, kisha punguzeni. Mwacheni akimbie. Mshipi usizungushwe mkononi hata mara moja, vijana, hata mkiwa na glavu. Kidole kimekwenda baharini kwa njia hiyo. Ukusanywe kwenye karai au kikapu, si sakafuni penye miguu. Baada ya mbio za kwanza nguru ana tabia ya kugeuka na kuja moja kwa moja upande wa boti. Mshipi unalegea ghafla. Baharia anasema amekatika, anaacha kuvuta, na papo hapo ndoana inaanguka. Mshipi ukilegea, vuteni kwa haraka kuliko mlivyowahi kuvuta. Kama yupo mtamkuta.

Akifika kando atazunguka. Mwenye kulabu asimkimbilie kwa kuchapa majini. Angoje aje na kichwa mbele, amchome nyuma ya kichwa, amwinue kwa mara moja. Kulabu ya tumboni inaharibu nyama na mara nyingi anajichana akaponyoka. Ndani ya boti apigwe rungu kichwani kabla ya mtu yeyote kugusa ndoana, na ndoana itolewe kwa koleo. Nguru aliyekaa kimya dakika tano bado anaweza kufunga mdomo.

Tulisema tutazungumza juu ya meli. Kilindini ni njia ya meli kubwa, na njia yenyewe ni nyembamba. Sheria za kuzuia kugongana baharini zinasema wazi kwamba chombo chenye urefu chini ya mita 20, na chombo chochote kinachovua, kisizuie meli ndani ya njia nyembamba. Maana yake ni kwamba wewe ndiwe unayeondoka, si yeye. Meli iliyopakia haiwezi kusimama wala kukukwepa hapo Likoni, na nahodha wake aliye juu haoni boti iliyo karibu na pua ya meli. Mkisikia honi fupi za haraka tano au zaidi, hizo zinawahusu nyinyi. Msitie nanga ndani ya njia, msifunge boti kwenye boya la njia, na msirambaze mbele ya feri. Redio ikiwepo iachwe kwenye chaneli 16.

La pili la hatari ni bamvua linalokupwa siku ya kusi. Maji yanatoka kwa kasi, mawimbi ya kusi yanaingia, na yanakutana mlangoni. Mawimbi yanasimama wima na kuwa karibu karibu. Asubuhi mlitoka vizuri kwa sababu upepo ulikuwa umelala. Saa 3 upepo umeamka na maji bado yanatoka. Siku hizo ama msitoke, ama mngojee maji yasimame ndipo mrudi. Laifujaketi zivaliwe, zisikaliwe. Petroli igaweni mafungu matatu: la kwendea na kuvulia, la kurudia, na moja lisiguswe. Plagi ya akiba na spana yake ziwe ndani ya mfuko usioingia maji.

Kwa upande wa kaskazini, kumbukeni mipaka ya hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986. Ndani ya hifadhi yenyewe havuliwi samaki kwa chombo chochote, hata kwa mshipi mmoja. Eneo linaloizunguka lina kanuni zake. Ulizeni BMU yenu, kikundi cha usimamizi wa ufuo, au ofisi ya uvuvi kabla ya kwenda, msiulize baada ya kushikwa.

Tuna maswali matatu yaliyoletwa kwa karatasi. La kwanza: je, tuwarudishe wadogo? Nguru wengi huanza kutaga wakiwa baina ya sentimita 65 na 90, kutegemea bahari. Kwa hiyo yule wa sentimita 40 hajazaa hata mara moja. Aliyeshikwa mdomoni na hajatoka damu mashavuni anaweza kurudi. Mtoeni ndoana akiwa bado majini. Aliyetoka damu hataishi, mleni.

La pili limeulizwa na kijana: usiku je, wanashika? Kwa kurambaza, mara chache. Tumesema anawinda kwa macho. Usiku wa mwezi mkubwa, penye taa inayovuta vibua, anaweza kuja, lakini petroli ya usiku huo sisi tungeiweka kwa ajili ya alfajiri.

La tatu limetoka kwa mama mmoja anayenunua samaki kwa wavuvi: kwa nini nguru wengine wanawasha mdomo na kuwapa watu vipele, na ilhali wanaonekana wazima? Swali zuri, mama. Nguru ni katika jamii ya samaki ambao nyama yao, ikikaa kwenye joto, vijidudu huitengenezea histamini, kitu kinacholeta mwasho huo. Histamini haionekani, haina harufu ya lazima, na ikishatengenezwa moto wa jikoni hauiondoi. Hata upike mara mbili iko pale pale. Inazuiwa kwa barafu tu, kuanzia baharini. Kwa hiyo nguru akishapigwa rungu akatwe mashavuni atoke damu, atolewe matumbo na mashavu, aoshwe kwa maji safi ya bahari, na aingie barafu mara hiyo. Barafu iwe kilo kwa kilo: nguru wa kilo 10, barafu kilo 10, iliyopondwa, chini yake, juu yake na ndani ya tumbo. Boti inayotegemea kupata kilo 40 na imetoka na kilo 10 za barafu imetoka kuvua sumu. Kasha liwe na tundu chini maji ya kuyeyuka yatoke, na lifunikwe kwa gunia lililoloweshwa. Nawe, mama, ukipokea samaki pwani, usitazame jicho peke yake. Tia mkono tumboni mwake. Kukiwa na joto, mrudishie mwenyewe.